Kiti cha Rodrick

Kazi ya Kendria Pruitt pale chuoni ilikuwa kuchungulia. Msicheke. Huku kwetu mashariki ya Texas, chuo chenye timu ya mpira wa Kimarekani kinaajiri mtu apite kwenye korido, atie jicho kwenye kioo cha kila mlango, aone kama mchezaji yuko kitini au amelala bwenini. Sheria wachezaji wanaijua: ukae safu mbili za mbele, usivae kofia, usizibe masikio kwa muziki. Ukikosekana mara ya tatu, Jumamosi hushuki uwanjani, hata uwe nani.

Na katika kuchungulia huko ndiko Kendria alikopenda. Kuna wanaopenda macho, kuna wanaopenda sauti. Yeye alipenda mgongo. Darasa la historia, safu ya mbele, kiti cha dirishani, mgongo mpana wa Delvin Broussard, mkimbiaji hodari kuliko wote timuni. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, alilivunja akiwa sekondari na halikurudi sawasawa. Muhula mzima Kendria aliutazama mgongo ule, mpaka siku moja ukageuka. Delvin akamkonyeza kupitia kioo, na dada wa watu akasahau kukagua madarasa mawili yaliyofuata.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Sasa walikuwa wapenzi, tena wa kujificha, maana mama yake Kendria, Bi Oletha, alikuwa ameapa kwamba mchezaji mpira hataingia nyumbani kwake maadamu yeye anapumua. Delvin akilijua hilo alicheka tu. "Mama atanizoea," alisema. Kendria hakucheka. Alimjua mama yake.

Alhamisi ile ilikuwa wiki ya wahitimu kurudi chuoni, mji mzima mabendera mekundu, na kila mtu akizungumzia mechi ya Jumamosi. Maskauti wa ligi ya kulipwa, wale wasaka vipaji, walikuwa wanakuja, na wote walijua wanamjia nani. Kendria alifika kwenye mlango wa historia na tabasamu lake tayari. Jaketi jekundu lilikuwepo. Namba ishirini na mbili mgongoni, kiti cha dirishani, kichwa kimeinamia daftari. Akainua simu ya kazi ili aweke alama ya kuwepo.

Kidole kikagoma. Mabega yale yalikuwa sawa.

Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kulia sawa, kushoto sawa. Aliyekuwa ndani ya jaketi la Delvin hakuwa Delvin, alikuwa kijana mwingine wa timu. Na kabla hasira haijampanda, baridi ilimpanda kwanza, kuanzia miguuni. Maana pale kwenye ukungu, kwa kitambo kidogo, aliyeketi alikuwa Rodrick, kaka yake, ambaye walimzika wakati wa mvua za masika akiwa na jaketi kama lile kifuani. Jaketi la Rodrick nalo, enzi zake, lilikuwa likienda darasani bila yeye.

Kendria aliondoka mlangoni bila kuweka alama yoyote. Delvin alikuwa amekwishakosa mara mbili. Ripoti ilitakiwa ofisini kabla jua halijazama.

* * *

Alasiri ile alikuwa jikoni kwao akikata bamia, simu ya kazi imelala mezani mbele yake kama mdai. Nyuma ya mlango wa jikoni lilining'inia ua la Rodrick. Vijana wa Texas huwapa wasichana wao maua yale wiki ya mechi ya wahitimu: ua la kitambaa pana kama sinia, na riboni ndefu, na vikengele vidogo vya kulia ukitembea. Rodrick, mwaka wake wa mwisho sekondari, hakumpa msichana. Alimpa mama yake. Tangu hapo halikutolewa pale, na kila mlango ukifunguliwa vilikuwa vinalia.

Vikalia.

"Rodrick?" sauti ya Bi Oletha ikaita kutoka chumbani.

"Ni upepo, mama!" Kendria alijibu, kama alivyozoea kujibu. Lakini kwenye mlango alisimama Delvin, kofia mkononi, jaketi jekundu mwilini.

"Wee! Umerogwa?" Kendria alinong'ona. "Mama yumo ndani!"

"Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Hupokei." Akamvuta, akamkumbatia. Siku nyingine Kendria angeyeyuka. Siku hii pua yake ilikutana na kola ya lile jaketi, na kola ilinukia manukato ya mtu mwingine. Akajitoa taratibu.

"Una nini, mpenzi?"

"Sina kitu. Kaa." Delvin akavuta kiti cha karibu na dirisha. "Si hicho!" Kendria alisema haraka. "Hicho hakikaliwi. Chukua kile kingine."

Delvin akakiacha kama kilichomuunguza, akaketi upande wa pili.

"Darasa lilikuwaje leo?" Kendria aliuliza, macho kwenye bamia.

"La kawaida. Mzee anaongea mpaka viti vinasinzia."

"Ulikaa wapi?"

"Kendria jamani, si unapajua? Dirishani."

"Na bega lako la kushoto nalo lilikaa wapi?"

Delvin akalishika lile bega.

"Nauliza tu," Kendria aliendelea. "Maana leo darasani lilikuwa zima. Limenyooka kabisa. Nikasema Mungu asifiwe, kapona. Sasa naona jioni limevunjika tena."

Hapo nadhani Delvin angeweza kusema kweli na mambo yakaishia hapo. Lakini mwanamume akishikwa shati bado atajaribu kuuza vifungo.

"Labda nilikaa vibaya," alisema.

"Usinidanganye!" Kendria alipiga meza, bamia zikaruka. "Nidanganye mimi mkaguzi, sawa. Usinidanganye mimi Kendria. Mgongo wako naujua kuliko unavyoujua wewe, wewe hujawahi kuuona! Nimeupenda kabla sijakujua jina. Leo nimeutafuta nikakuta mtu mwingine kauvaa. Unajua nilivyojisikia?"

Delvin aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu. "Kocha aliniita. Kutazama video za wapinzani. Ningemwambia nini? Kocha hakwambii njoo ukitaka. Akasema, la darasa niachie mimi, toa jaketi. Nikatoa."

"Ukatoa."

"Wote wanatoa, Kendria."

"Najua wote wanatoa. Alikuwepo mmoja humu ndani aliyekuwa akitoa."

"Sikiliza." Alimshika mikono yote miwili, na mikono ile, Mungu amsamehe, bado ilimpenda. "Jumamosi wanakuja kunitazama mimi. Mimi, mtoto wa Beaumont ambaye hata mwalimu wa kwaya alisema sitafika popote. Wakinikosa Jumamosi, wataandika jina la mwingine. Hawarudi. Ni kitone kimoja tu kwenye simu. Bonyeza. Kama unanipenda."

"Usinitie hilo."

"Lipi?"

"Hilo la kama unanipenda. Nakupenda mpaka nashindwa kumeza. Ndiyo maana sijabonyeza tangu asubuhi, si cha kuwepo wala cha kutokuwepo. Lakini leo kwenye kile kiti nimemwona Rodrick, Delvin. Nimemwona kama ninavyokuona. Nikiweka kile kitone, nitakuwa nimemwandika yeye tena."

"Mimi si Rodrick."

"Nani anamtaja marehemu wangu jikoni?"

Wote wawili waligeuka. Bi Oletha alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa ndani, shali ya nyumbani begani, miwani mkononi. Mama huyu alikuwa mfupi, lakini jikoni kulijaa. Huku hakuna shikamoo, ila Delvin alisimama haraka, akatazama chini kama mtoto aliyelelewa.

"Habari za jioni, mama. Naitwa Delvin Broussard."

"Geuka," Bi Oletha alisema.

"Mama?"

"Nimesema geuka, kijana."

Delvin akageuka. Namba ishirini na mbili ikamtazama Bi Oletha, nyeupe juu ya nyekundu. Namba ile ile ya Rodrick, iliyokuwa kwenye riboni za ua nyuma ya mlango. Chuo hakikuona haya kuitoa kwa mwingine. Bi Oletha alishika ukuta, na Kendria akamkimbilia.

"Niache. Sianguki. Ingekuwa ni kuanguka, ningeanguka zamani." Akavaa miwani. "Kwa hiyo huyu ndiye upepo wako, Kendria? Kila Jumapili jioni upepo, upepo mlangoni. Nikasema mbona upepo huu una viatu vizito."

Kendria alikosa pa kuweka uso. "Nampenda, mama."

"Nimesikia, mlikuwa mnapiga kelele. Nimesikia na la jaketi." Akamgeukia Delvin. "Leo mwalimu kafundisha nini?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

"Afadhali. Hilo la kwanza la kweli tangu uingie."

Alijongea mpaka kwenye kabati la juu ya jokofu, akatoa chupa ya dawa ya kutoa madoa, ile ya kawaida iliyo katika kila nyumba. Akaiweka mezani mbele ya Delvin, upande wa nyuma ukimwelekea, ule wenye maandishi madogo.

"Soma."

"Mama, tafadhali," Kendria aliomba. "Usifanye hivyo."

"Nyamaza, mwanangu. Kijana, soma. Kwa sauti."

Delvin aliichukua chupa. Akamtazama Kendria, Kendria akatazama pembeni. Akaanza kusoma. Akasoma kwamba dawa ile isigusane na macho. Akasoma kwamba isichanganywe kamwe na dawa nyingine yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayoweza kuua. Akasoma jina la kemikali, neno refu kama treni, bila kukwama. Akaendelea mpaka mwisho, mpaka mahali pa kutupia chupa tupu.

Alipomaliza, Bi Oletha alikuwa analia. Hakufuta machozi.

"Umesoma vizuri," alisema. "Vizuri sana. Rodrick wangu alikimbia kuliko wewe. Usikasirike, ndiyo kweli. Na kwa sababu alikimbia, tangu mtoto kila mwalimu alimpitisha. Kusoma hakujua. Akaficha. Mimi mamake akanificha. Pale chuoni wakawa wanamkalia kiti, wanamwandikia, na mimi kila Jumamosi nashangilia mpaka sauti inakauka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Goti likavunjika, wakamkabidhi begi lake. Akapata kazi kwenye ghala la dawa za mabwawa ya kuogelea. Akachanganya mbili. Onyo lilikuwepo, limeandikwa kwa herufi kubwa kama za kanisani, ubavuni mwa pipa."

Nje mtu alipita na gari likipiga honi za mechi.

"Kemia pale chuoni alipata alama ya juu kabisa," Bi Oletha alisema. "Cheti kiko chumbani. Nikikosa usingizi nakitazama."

"Pole sana, mama," Delvin alisema.

"Sitaki pole yako. Nilikuwa nimejiandaa kukuhurumia. Nilikupa chupa nikidhani na wewe utakwama, nikumbatie kichwa chako nilie mara ya pili. Kumbe unasoma kama mchungaji! Unaweza, na unakataa. Mwanangu kafa kwa kukikosa kitu ulicho nacho, na wewe unakivua kama jaketi unampa mwenzako akivae."

Delvin alikaa na chupa mkononi, akigeuza na kugeuza. Kisha akavua lile jaketi polepole, bega baya likamsumbua kama kawaida, akalikunja, akalishika mapajani.

"Jua linazama," alisema hatimaye. "Lete hiyo simu."

"Delvin..."

"Sibonyezi mimi. Nataka nikuone ukibonyeza. Andika sikuwepo."

"Maskauti je?"

"Andika, Kendria, kabla sijabadilika. Mimi si malaika, nikikaa hapa kidogo nitaanza kukubembeleza tena."

Kendria akaandika. Kitone kidogo tu, na machozi yakadondoka juu ya kioo mpaka herufi zikavimba. Alipoinua macho Delvin alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama amefanya jambo la busara au la kijinga. Hakumbusu. Hakuaga. Vikengele vikalia nyuma yake, na Kendria akaona kwamba huenda mlio ule ndio atakaobaki nao.

* * *

Ijumaa hakupiga simu. Kendria alipitia korido akichungulia, na kwenye historia akakuta kiti cha dirishani kina mgongo, bega la kushoto limeshuka. Mgongo haukugeuka. Alisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kumtazama. Akaweka alama, akaondoka akiwa anauma midomo.

Kocha naye alimwita, akamwuliza kama anajua alichoifanyia timu. Kendria akasema anajua, na akasema pia nani aliomba jaketi. Kazi ile akaambiwa asirudi Jumatatu.

Jumamosi mchana jikoni kulinukia mkate wa mahindi. Madirisha yalikuwa wazi, na kila mara kelele za uwanja zilivuka miti zikaingia ndani, ngoma za bendi, kisha ukimya, kisha mlipuko wa sauti elfu na elfu. Bi Oletha hakuwahi kuzifungia dirisha kelele zile wala kuzisifu. Alipika tu, mgongo ameupa dirisha.

"Wamefunga," Kendria alisema baada ya mlipuko mmoja.

"Nimesikia."

"Ni yule aliyemkalia kiti. Nimesikia jina kwenye redio ya jirani. Wamempa nafasi yake, mama. Maskauti wanamtazama yeye."

Bi Oletha alikoroga chungu. "Atakuja?"

"Hatakuja. Yule nimemmaliza." Na hapo Kendria, aliyejikaza tangu Alhamisi, aliweka kichwa mezani akalia kwa sauti. "Nimemwondolea maisha yake kwa kidole kimoja! Kwa kidole, mama! Hata akinisamehe, kila Jumamosi atasikia kelele hizi na kunikumbuka mimi."

Mama yake hakumbembeleza. Alimwekea mkono kichwani tu, mkono wenye unga, akauacha hapo. Nyumba ile ilijua kukaa na kelele za Jumamosi.

Vikengele vikalia.

Kendria hakuinua kichwa. Ni upepo, alijisemea, siku hii kweli ni upepo.

"Rodrick!" Bi Oletha aliita, akiwa bado anatazama chungu.

Mlangoni mtu akakohoa.

"Samahani, mama. Si Rodrick. Ni mimi, Delvin."

Kendria akainuka. Delvin alikuwa amesimama pale na shati jeupe la kawaida, bila jaketi, bila namba, kitabu cha historia kwapani. Macho yalikuwa yamevimba, ya mtu ambaye mchana ule ule amesikiliza jina lake likikosekana redioni. Nyuma yake uwanja ulilipuka tena, na Kendria akamwona akifumba macho mpaka sauti ikapita. Ilimuuma. Ingemuuma Jumamosi nyingi.

"Nimeshindwa kukaa bwenini," alisema. "Na sikujua pengine pa kwenda ambako hawashangilii."

Kendria alitaka kumkimbilia. Alimtazama mama yake.

"Najua ni wewe," Bi Oletha alisema. Aligeuka, akafuta mikono kwenye aproni, akakitazama kile kiti cha karibu na dirisha kama mtu anayemtazama mtu. "Nilikuwa namwambia yeye asogee. Njoo ukae."